Jino la Kutengeneza Linatoka Wapi?

Juma hili tuongee juu ya meno. Si juu ya mswaki, hiyo mmeisikia mara nyingi. Tuongee juu ya meno yanayotengenezwa na mikono ya watu.

Katika vikundi vyetu, mama akipata zamu yake ya likelemba, mmoja ananunua mabati, mwingine analipa shule ya watoto, na siku hizi kuna wanaosema: mimi ninataka kurudisha jino langu la mbele, nimechoka kucheka na mkono juu ya mdomo. Anaenda kuuliza bei. Mahali pa kwanza wanamwambia bei ndogo. Mahali pa pili bei imepanda mara kadhaa. Mahali pa tatu wanamtajia neno "implanti" na bei inayomfanya arudi nyumbani kimya. Anabaki kujiuliza: jino si ni jino? Kwa nini bei zinaachana namna hii?

Jibu liko katika chumba ambacho mgonjwa haingii karibu hata siku moja, yaani labo ya meno. Wengi wetu tunafikiri daktari ndiye anayetengeneza jino. Mara nyingi sivyo. Daktari anatayarisha mdomo, anapima, na mwishoni anabandika. Katikati yuko mtu mwingine, fundi wa labo, ambaye pengine hutauona uso wake, lakini kazi ya vidole vyake utakula nayo bugali na sombe kwa miaka mingi. Mimi niliomba ruhusa nikakaa asubuhi nzima katika labo moja kama hiyo, nikiuliza maswali kama mwanafunzi. Ninawaletea niliyoyaona, pamoja na niliyoyasoma.

Kwanza tutofautishe vitu vitatu, kwa sababu majina yanachanganywa sana na huko ndiko watu wanapotelea feza. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, yanayokaa juu ya kibao chekundu cha rezini. Kuna kofia ya jino, ile madaktari wetu wanaita kurone: jino lako lenyewe bado liko, mzizi uko, lakini sehemu ya juu imeharibika, basi linavishwa kofia ngumu. Na kuna implanti: jino lako limekwisha kutoka na mzizi wake wote, na mahali pa mzizi inawekwa visi ndani ya mfupa wa taya. Ukiuliza bei bila kujua ni kipi kati ya hivi vitatu unachotajiwa, unalinganisha mbuzi na ng'ombe.

Kila kitu kinaanza na alama

Ili kuvisha kofia, daktari anapunguza jino lililoharibika pande zote, milimeta moja au mbili, kusudi kofia ipate nafasi na isionekane nene kuliko majirani zake. Kisha anakuwekea mdomoni sahani ndogo yenye uji mzito. Unauma, unasubiri dakika chache, uji unakuwa kama mpira, na ukitolewa umebaki na alama ya meno yako yote. Aina moja ya uji huo inaitwa aljinate, nayo inatokana na mwani wa baharini. Ni ya bei nafuu, lakini ikikaa hewani inakauka na kujikunja, na alama inakuwa ya uongo. Ndiyo maana kwa kofia madaktari wengi wanachagua silikoni, inayotunza umbo lake kwa muda mrefu zaidi.

Katika labo, fundi anamimina jasi ndani ya alama hiyo. Ni jamaa ya ile unga nyeupe ambayo hospitali wanafungia mguu uliovunjika, lakini hii ni ngumu zaidi. Ikiisha kuganda, anapata meno yako mezani. Niliona rafu nzima imejaa vinywa vya watu, kila kimoja na namba yake. Taya la juu na la chini yanafungwa katika chombo kidogo chenye bawaba, kinachofungua na kufunga kama mdomo unaotafuna. Fundi yule aliniambia kwamba anaweza kumtambua mteja wake kwa jasi kabla hajamtambua kwa uso.

Hapa mshike jambo moja. Alama ikiwa mbaya, hakuna fundi anayeweza kuiponya. Tone la mate, chembe ya damu, au mgonjwa aliyetikisa kichwa, vyote vinaonekana katika jasi. Fundi mwaminifu anairudisha kwa daktari na kuomba alama nyingine. Basi daktari akikuita urudi kwa kupimwa tena, usikasirike kwamba anakupotezea feza ya usafiri. Anakuokoa.

Nta, moto na chuma

Juu ya jino la jasi, fundi anajenga kofia kwa nta. Ana kijiko kidogo anachopasha moto, anachota nta tone kwa tone, anachonga mabonde na vilima vya jino. Kisha nta hiyo inazikwa ndani ya uji wa namna nyingine ambao haupasuki motoni. Ukikauka, unaingizwa katika tanuru. Nta inayeyuka na kuungua yote, na mahali ilipokuwa panabaki shimo lenye umbo la jino. Katika shimo hilo ndimo chuma kilichoyeyushwa kinarushwa kwa nguvu, na mashine inayozunguka. Kikipoa, wanavunja ganda, na kofia inatoka.

Mwaka 1907 daktari mmoja wa meno wa Marekani, William Taggart, aliwaonyesha wenzake namna ya kutumia njia hii kwa dhahabu ya meno, nayo ikaenea. Lakini njia yenyewe ni ya kale sana, na Afrika haikuijifunza kwa Taggart. Wahunzi wa Benin, katika nchi inayoitwa leo Nijeria, walikuwa wanatengeneza vichwa vya shaba kwa nta na moto mamia ya miaka kabla yake.

Sasa swali la chuma. Dhahabu ni nzuri lakini ni ghali. Chuma kinachotumika sana leo ni mchanganyiko wa kobalti na kromu. Ndiyo, kobalti ile ile ya Kolwezi. Katika mchanganyiko wa meno, kobalti ni karibu sehemu 6 kati ya 10. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu. Sehemu kubwa inakwenda katika betri za simu na za magari, na ni kidogo tu inayokwenda katika meno. Lakini fikirini: kobalti yetu inaondoka bila kusafishwa hadi mwisho, inasafishwa ng'ambo, na fundi wetu anainunua kama vipande vidogo vinavyong'aa ndani ya sanduku lililopita forodha. Mimi ninafundisha jiografia, na somo hilo sikuhitaji kitabu kulieleza.

Kuna chuma kingine cha bei rahisi chenye nikeli ndani. Wengi wanakivaa bila shida. Lakini kuna miili inayoikataa nikeli. Mama, kama hereni za sokoni zinakuwasha masikio na kuyatoa maji, mwambie daktari mapema, kabla kofia haijaagizwa, na uulize wazi: chuma hiki kina nikeli? Ni swali la haki kabisa, na labo inajua jibu, kwa maana limeandikwa juu ya pakiti.

Rangi, na kikwembe chako

Kofia ya chuma pekee inafaa kwa jino la nyuma. Kwa jino la mbele, chuma kinavikwa porseleni, jamaa ya zile sahani nzuri tunazotoa kabatini kwa wageni. Ni unga. Fundi anauchanganya na maji kidogo na kuupaka kwa brashi nyembamba kama ya mchoraji. Tabaka la kwanza ni zito, la kuficha weusi wa chuma. La pili lina rangi ya mwili wa jino. La mwisho linapitisha mwanga kidogo, kwa sababu ncha ya jino la kweli si nyeupe kama chaki, tazameni meno ya watoto wenu juani mtaona. Baada ya kila tabaka, kofia inaingia tanuru, karibu digrii 900. Na kila mara porseleni inanywea. Basi fundi anaijenga kubwa kuliko inavyotakiwa, akijua itarudi ndogo. Wamama wanaofinyanga vyungu wanaijua hesabu hiyo: udongo haubaki na kipimo ulichoupa.

Rangi inachaguliwa kwa kibao chenye meno ya mfano. Kibao kinachotumika sana kina rangi 16, zilizogawanywa katika jamaa nne, A, B, C na D. Rangi inatafutwa kwa mwanga wa mchana, karibu na dirisha, si chini ya taa ya manjano. Ondoa rangi ya midomo kabla. Na kama umevaa kikwembe chekundu au cha kijani kikali, omba kitambaa cheupe au cha kijivu kifunike kifua chako, kwa sababu rangi kali ya nguo inadanganya jicho la anayechagua. Jambo dogo, halilipiwi, na linaweza kukuokoa na jino linaloonekana ni la mtu mwingine.

Na msiombe weupe wa picha za matangazo. Jino moja jeupe sana katikati ya majirani wa rangi ya kawaida linapiga kelele.

Siku hizi kuna njia nyingine. Mfaransa François Duret alianza katika miaka ya 1970 kufikiri namna ya kupima jino kwa mwanga na kulichonga kwa mashine. Leo, penye vyombo hivyo, kamera ndogo inapita juu ya meno badala ya uji, kompyuta inachora kofia, na mashine inaichonga kutoka kibao cheupe cha zirkonia. Kibao hicho kabla ya moto ni laini karibu kama chaki. Mashine inaichonga kofia kubwa zaidi kuliko mdomo, kwa sababu ikikaa saa nyingi katika tanuru, karibu digrii 1500, inapungua karibu sehemu moja kati ya tano na kuwa ngumu ajabu. Kazi ni safi, lakini hesabuni: saa nyingi za tanuru bila umeme kukatika. Katika miji yetu maana yake ni jenereta na mafuta, na mafuta hayo yameingia katika bei.

Jambo moja liliniuma. Fundi akisaga chuma na porseleni, vumbi jembamba linaruka. Katika nchi mbalimbali mafundi wa labo wameugua mapafu kwa vumbi hilo, ugonjwa ule ule wanaoujua wachimba migodi. Wenye kazi hiyo wanahitaji barakoa ya kweli na mashine ya kunyonya vumbi, si kitambaa cha kufunga puani. Kama una kijana anayejifunza kazi hii, na ni kazi nzuri kwa wasichana wenye mkono mtulivu, muulize anavaa nini usoni.

Implanti haitengenezwi katika labo

Hapa ndipo wengi wanakosea. Visi inayoingia mfupani inatoka kiwandani, ng'ambo. Ni ya titani, ndefu milimeta 8 hadi 14 hivi, nene kama mshipi wa kiatu uliosokotwa, yaani milimeta 3 hadi 5. Inafika ndani ya pakiti iliyofungwa, isiyo na vijidudu, yenye namba yake. Labo inatengeneza kofia ya juu, na mara nyingine kijiti kinachounganisha kofia na visi. Kwa hiyo implanti ni vitu vitatu kimoja juu ya kingine: visi, kijiti, kofia. Uliza kama bei uliyotajiwa ni ya vyote vitatu. Kuna waliolipa visi, wakangoja, halafu wakaambiwa kofia ni hesabu nyingine.

Titani ilijulikanaje? Mwaka 1952 Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza namna damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura. Aliweka chombo kidogo cha titani mfupani. Alipotaka kukitoa kwa kazi nyingine, kilikataa: mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 alimwekea mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006, na visi zake zilikuwa bado zinafanya kazi, baada ya miaka zaidi ya 40.

Mfupa hauna haraka. Kwa kawaida unahitaji miezi 3 hadi 6 kushika visi vizuri, ndipo kofia inawekwa. Mtu akikuahidi kila kitu kwa siku moja na kwa bei ya meno ya kuvaa, muulize picha ya mfupa iko wapi, kwa sababu bila picha hajui kama mfupa wako unatosha, wala mshipa wa neva unapita wapi. Mwenye sukari isiyotunzwa, na mvuta tumbako, wana hatari zaidi ya visi kulegea. Na ukishawekewa, omba karatasi yenye jina la visi na namba yake. Miaka kumi baadaye, ukihamia mji mwingine na kitu kikalegea, bila karatasi hiyo daktari mpya atatafuta ufunguo wa kufuli asilolijua.

Juu ya wale wanaomimina rezini moja kwa moja mdomoni, barabarani, na kulibana jino la duka kwa majirani yake, nitasema kwa ufupi. Rezini ile ikiganda inatoa joto na maji makali yanayounguza ufizi. Haitoki kwa kusafishwa. Chakula kinaoza chini yake, na meno mawili mazima yaliyoshikilia jino la uongo yanaanza kulegea. Ndiyo ile bei ndogo ya mahali pa kwanza. Lakini mama asiye na feza ya kofia hana lazima ya kwenda kule. Meno ya kuvaa na kuvua, yaliyopimwa na daktari na kutengenezwa na labo, ni ya heshima, ni nafuu kuliko kofia, na usiku yanatolewa na kuwekwa majini.

Jino la sita

Nimeacha kwa mwisho jambo linalonihusu kama mwalimu. Katika kalasi za watoto wadogo ninaona mara nyingi mtoto wa miaka 7 au 8 anashika shavu. Ukiangalia, jino la nyuma limetoboka. Ukimwita mzazi, jibu ni moja: "Mwalimu, hayo ni meno ya utoto, yataanguka."

Jino lile halitaanguka. Linaota karibu na miaka 6, nyuma kabisa ya meno ya utoto, na hakuna jino linalong'oka kulipa nafasi. Linaingia bila habari, ndiyo maana mama halioni. Leo jioni mwambie mtoto afungue mdomo. Anza katikati mbele, hesabu ukienda nyuma: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kama kuna la sita, hilo ni la maisha yake yote. Yako manne, moja kila upande, juu na chini. Likiwa na doa jeusi, daktari anaweza kuliziba kwa kazi ya muda mfupi.

Likitolewa, labo yote niliyowaeleza haina njia nzuri ya kumsaidia mtoto huyo. Implanti haiwekwi katika taya linalokua: meno mengine yanapanda pamoja na mfupa, visi inabaki chini mahali pake kama msumari mtini. Wanangoja ukuaji uishe, miaka 18 au zaidi. Katika miaka hiyo yote jino la nyuma yake linaegemea mbele kwenye pengo, na la upande wa pili linashuka kulitafuta. Fundi anachoweza ni kutengeneza kibao kidogo cha rezini cha kutunza nafasi. Mtoto akikua kinambana, na inabidi kupima tena na kutengeneza kingine, na tena, na kila kimoja kinalipiwa.